Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Ziwa Victoria hupanda taratibu, kwa nini tusiambiwe mapema?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Igombe, Ilemela. Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Nakuandikia kuhusu milango ya maji ya bwawa iliyoko Jinja, Uganda, ambayo wengi hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, hawajui hata kama ipo.

Tangu bwawa hilo la Jinja, Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, maji ya Ziwa Victoria hayaendi Nile yapendavyo. Yanatoka kadiri yanavyofunguliwa. Yaani ziwa hili ni bwawa la umeme, na karibu nusu yake iko Tanzania. Makubaliano ya enzi za ukoloni, kati ya Uingereza na Misri, yaliweka kanuni: yatoke maji yale yale ambayo mto ungetoa wenyewe kama mwamba wa maporomoko ya Ripon ungekuwa bado upo. Ziwa likijaa, yatoke mengi, likipungua, yapungue. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ina busara. Ila sisi wa mwambao wa kusini hatukuwepo mezani ilipoandikwa.

Na kanuni iliwahi kupindishwa. Kati ya 2004 na 2006 mvua zilikuwa haba, kituo cha pili cha umeme hapo Jinja, Kiira, kilikuwa kimeshaongezwa, na umeme ulihitajika mno. Maji yakafunguliwa kupita kiwango cha makubaliano. Ukame ulichangia, hilo halina ubishi, lakini sehemu kubwa ya kushuka kwa ziwa ilitokana na maji yaliyofunguliwa. Mwaka 2006 ziwa lilifika chini kuliko wakati wowote kwa zaidi ya miaka 80. Ziwa likiondoka, mtumbwi hukwama mbali, na mpagazi hulazimika kutembea ndani ya tope na maji ya kiunoni akiwa na mzigo kichwani. Ujira wa safari hiyo anaulipa mchuuzi, na mchuuzi anampelekea mlaji.

Siandiki kuwalaumu jirani zetu. Maji yale yale yanayotoka Jinja yanazungusha pia mitambo ya Bujagali, Isimba na Karuma, na sisi wenyewe tunachukua umeme wa Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi kwenye mto Kagera. Anayewasha taa hawezi kulaani bwawa.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 ziliendelea, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja, likaivunja rekodi ya kina cha juu ya 1964. Mwaka 2024 likaivunja tena. Hapa mwaloni kilichopotea kwanza ni chanja, yaani meza za miti za kuanikia dagaa. Mheshimiwa, dagaa wa chanjani na dagaa wanaoanikwa chini ni biashara mbili tofauti: wa chanjani ni safi, mnunuzi wa mbali anawachukua bila kubishana, wa chini wana mchanga, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Maji yalipofika kwenye miguu ya chanja, kina mama walizihamisha nyuma kidogo. Yakafika tena. Wakahamisha tena, mpaka nyuma yao ikawa ni uzio wa mtu. Baada ya hapo dagaa wakaanikwa kwenye sehemu yoyote kavu iliyobaki, barabarani ikiwemo.

Sasa nakuomba tupige hesabu pamoja. Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja tu ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Jinja ikitoa mita za ujazo 1,000 kila sekunde, inahitaji siku nane kuondoa sentimita hiyo, na hapo mvua isinyeshe wala mito isiingize kitu. Kwa hiyo mwaka 2020 hata milango ingefunguliwa yote, isingetuokoa haraka. Mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe ndiyo inayoleta maji mengi kuliko mito yote. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema jambo jingine. Ziwa si kama mto Mirongo wa hapa Mwanza, unaojaa mchana na kuingia nyumbani kwa watu jioni. Linachukua miezi. Anayesoma kipimo cha Jinja na kujua kiasi kinachofunguliwa anaweza kumwambia mama wa chanja mwezi mzima kabla.

Utabiri wa upepo na mawimbi ziwani tunaupata kwa Kiswahili kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wavuvi wanausikiliza. Kina cha ziwa hatukipati hivyo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa hapa Mwanza, na Kamisheni ya Bonde hilo, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iko Kisumu, Kenya, sisi tukiwa wanachama. Ninachoomba ni takwimu tatu kila wiki: kina cha leo, maji yanayofunguliwa Jinja, na matarajio ya mwezi ujao. Na pale zinapojadiliwa kanuni za kufungua maji, Tanzania ipeleke pia hasara za mialo, siyo hesabu za megawati peke yake.

Kuna na hili la mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa, lakini ukingo upi? Wa 2006 au wa 2024? Aliyejenga kihalali ziwa likiwa chini, leo anaonekana mvamizi bila kusogeza tofali. Wekeni alama za kudumu kwa kufuata kina cha juu kilichorekodiwa, watu wajue wanasimama wapi.

Ubao wa takwimu nao, tafadhali, usiwekwe ofisini. Uwekwe pale tunapopimia dagaa. Ofisini watu huenda wakiitwa tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa dagaa, Igombe, Mwanza