Mbwa mdogo asipokula usimwachie njaa imfundishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana kuna ushauri mmoja nausikia kila mara mtu akilalamika kwamba mbwa wake mdogo anaringia chakula, anaambiwa we mwache tu, njaa ikimbana atakula mwenyewe. Wengi wanaosema hivyo wamezoea mbwa wakubwa, na kweli mbwa mkubwa mzima mwenye afya akiruka mlo wa asubuhi jioni analamba bakuli lote, ila hawa wa kilo 2 au 3, akina Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian na Maltese, ni habari nyingine kabisa, na kama bado ni mtoto ushauri huo unaweza kumuua.

Sababu yenyewe ni hii. Mtoto wa mbwa wa aina hizi ana akiba ndogo sana ya sukari kwenye ini, misuli yake kidogo, mafuta mwilini karibu hamna, na anapoteza joto haraka. Akikaa masaa kadhaa bila kula sukari kwenye damu inashuka, anaanza kulegea, anatetemeka, anayumba akitembea, na ikiendelea anapata degedege na kuzimia. Mwenye mbwa anamuona amejilaza kimya anadhani bado kanuna. Jamani huyo hajanuna, huyo anaishiwa! Mpake asali au maji ya sukari yaliyokolea kwenye fizi, kidogo kidogo kwa kidole, usimmiminie mdomoni kama hamezi vizuri maana yataingia kwenye mapafu, mfunike apate joto alafu mkimbize kwa daktari wa mifugo hata kama ameshaamka na anatikisa mkia, kwa sababu sukari hiyo uliyompa inaisha haraka na anaweza kudondoka tena. Ndio maana mtoto wa mbwa hawa analishwa mara 3 au 4 kwa siku na sio mara moja jioni kama mbwa wa kulinda geti.

Kwa mbwa mzima swali la kwanza ni je, anaringa kweli au anaumwa, na hapa ndipo watu wengi wanaruka. Mbwa anayeringa anachangamka, anacheza, anakataa cha kwenye bakuli ila cha mkononi mwako anakimbilia. Anayeumwa anakataa hata kile anachokipenda, au anakuja mbio mpaka kwenye bakuli, ananusa, anachukua punje moja ya chakula kikavu anaidondosha, anatafuna upande mmoja, mdomo unanuka, mate yanatoka. Huyo ni meno. Mbwa wadogo wanasumbuliwa sana na meno na fizi maana taya ni dogo na meno yamebanana, na mtu anaweza kubadilisha aina tano za chakula wakati tatizo ni jino bovu. Ukiona anatapika, anaharisha, tumbo limejaa au analiinamia, au mbwa ambaye siku zote alikuwa anakula vizuri ghafla ameacha, usikae kubahatisha. Mimi naona kwa mbwa mdogo mzima masaa 24 bila kula chochote ndio mwisho wa kusubiri, na kwa mtoto usifike hata huko, akikataa mlo na unaofuata akaukataa piga simu kwa daktari.

Sasa tuseme daktari amemwangalia na ni mzima kabisa. Hapo mara nyingi utakuta mbwa hachagui chakula, ameshiba! Mbwa wa kilo 3 asiye na mizunguko mingi anahitaji kama kalori 220 mpaka 250 tu kwa siku nzima, na kipande cha chizi cha gramu 30 peke yake kina kalori kama 120, yaani nusu ya siku yake imeisha kwa kitu ambacho wewe unakiona ni kionjo. Baba kampa kidogo, watoto wamempa chini ya meza, mgeni naye kamhurumia, alafu jioni wote mnashangaa kwanini hataki chakula chake. Vionjo vyote kwa siku visizidi asilimia 10 ya anachokula na nyumba nzima ikubaliane, maana akiwepo mmoja anayetoa kwa siri kazi ya wengine wote ni bure.

Na mbwa anajifunza haraka sana. Leo kakataa punje ukamwongezea kuku, kesho kakataa kuku ukamletea soseji, basi ameshajua kwamba akigoma kinakuja kitu kitamu zaidi. Dawa yake ni utaratibu, sio ukali. Mlo uwe saa zilezile, bakuli lake liwe safi na mahali pametulia pasipo na mbwa mwingine wa kumkodolea macho, muwekee chakula dakika 15 mpaka 20, asipokula toa bila kugomba na bila kumbembeleza, na mlo unaofuata muwekee kilekile. Hii ni kwa mbwa mzima aliyepimwa akaonekana hana shida, narudia, sio mtoto, sio mgonjwa na sio mwenye kisukari.

Kingine ni harufu, mbwa anakula kwa pua kwanza. Ongeza maji ya uvuguvugu kwenye punje, subiri zilainike, harufu itapanda na hata mwenye meno mabovu atakula kwa nafuu. Kama ni chakula cha kopo kilichotoka kwenye friji kipashe kidogo kiwe vuguvugu tu, koroga vizuri ujaribu kwa kidole maana maikrowevu inaacha sehemu za moto katikati. Ukitaka kubadilisha chakula changanya kidogo kidogo kwa siku 7 mpaka 10, ukibadilisha ghafla anaweza kuharisha, na akiharisha anaweza kukichukia hicho chakula kipya moja kwa moja.

Hapa kwenye kuongezea ladha ndipo hatari kubwa ilipo na ndipo nataka wasomaji wasimame. Mtu anachota mchuzi wa nyumbani anamwagia, kumbe una kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au ni unga. Mwingine anapaka siagi ya karanga bila kusoma lebo, na zipo zenye zailitoli, ile sukari mbadala ambayo kwenye lebo mara nyingi huandikwa xylitol, inapatikana pia kwenye chingamu zisizo na sukari, inashusha sukari ya mbwa ndani ya muda mfupi na inaweza kuua ini. Zabibu mbichi na kavu zinaharibu figo, chokoleti inashambulia moyo na mishipa ya fahamu, mafuta na ngozi ya nyama vinaweza kuvimbisha kongosho. Mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Kiasi ambacho mbwa mkubwa angekitapika tu yakaisha, kwa mwili wa kilo 2 ni sumu kamili. Kama unataka kuongeza kitu, nyama ya kuku iliyochemshwa kwa maji matupu, bila mfupa, bila ngozi, bila chumvi, ikatwe ndogondogo kwa sababu koo lake ni jembamba, na kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kumlisha nyama hiyo peke yake kila siku nako hapana, haina kalisi ya kutosha na mifupa ya mbwa anayekua inalegea.

Na tafadhali msimlazimishe kwa kumshindilia mdomoni. Anaweza kupaliwa chakula kikaingia kwenye mapafu, na hata akimeza salama ataanza kuliogopa bakuli lenyewe.

Ombi langu kwako Mhariri, kurasa za mifugo zinajaa ng'ombe na kuku na ni sawa kabisa, lakini mtafute daktari wa mifugo mmoja atuandikie pia kuhusu dawa za watu, maana wapo wanaompa mbwa asiyekula ibuprofeni wakidhani ana maumivu tu, na kwa mbwa mdogo kidonge kimoja kinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Ni mimi msomaji wako,
Mfugaji wa mbwa wadogo