Imara imelala ubavu

Likoni, Jumapili jioni

Sahibu yangu Baba Rukia,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, kusi limeanza kuvuma na magoti yangu ni yaleyale. Najua umeninunia. Tangu Idi sijakupigia, na ule ujumbe wako wa sauti wa dakika saba niliusikiliza nusu, simu ikaisha chaji, kisha nikaona haya kukurudia. Barua hii nampa Kibwana akuletee Tanga. Jambo lenyewe si la simu.

Nimepindua tagi, kimeli cha kukokota meli kubwa kama kile chetu cha zamani.

Tulia, ni ya mfano. Kijana wangu wa Uingereza alikuja Disemba na boksi refu, mtaa mzima ukajua nimeletewa runinga. Kumbe ni vipande vya tagi ya mvuke, unajijengea mwenyewe, ya Caldercraft, kipimo cha 1 kwa 32. Aliichagua kwa ajili ya jina. Hukohuko kwao inaitwa Imara, Kiswahili chetu hikihiki. Akaniambia, baba, hii umeandikiwa wewe.

Basi tangu Januari meza ya chakula haijaliwa. Bodi ni ya faibaglasi, inakuja tayari, ndefu kupita mita moja, na rafadha zake mbili za kusukumia maji. Vile vya sitahani, winchi, bita za kufungia kamba, matundu ya hewa, ni vya madini meupe laini. Ukivisogezea chuma cha lihamu vinayeyuka kama samli. Nimeyeyusha kimoja. Haya, viwili. Michoro ni mikubwa kama shuka, maandishi kama mayai ya sisimizi, na jicho langu la kushoto unalijua. Matairi ya ubavuni nimeyakata kwenye champali za mama watoto. Hajagundua bado, anadhani ni paka.

Alhamisi nikaitia majini. Nililitamani birika la msikiti, nikaona nitafukuzwa uzee huu, nikaenda kwenye tangi la jirani anayejenga. Ikaelea juujuu kama bata. Mjukuu akafunga kamba kwenye kulabu, akashika ncha ya pili, yeye ndiye meli. Akivuta kutoka tezi, yaani nyuma, sawasawa, hakuna neno. Kisha akazunguka ukingo wa tangi ili aone vizuri, kamba ikaja ubavuni. Haikumaliza sekunde mbili. Imara ikalala, maji yakaingia kwa mlango wa injini, ikazama na mota zote mbili.

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa saruji na miguu inatetemeka. Wewe unajua niliona nini.

Baadaye akaniuliza kwa nini kulabu isipelekwe nyuma kabisa. Nikamwambia ukiifunga tezi mwisho tagi haigeuki, kamba imeishika mkia. Ndiyo maana inakaa karibu na katikati, mbele ya rafadha na usukani. Lakini hapohapo ndipo panapoua. Kamba ikitoka ubavuni meli inakuvuta ulale, na wewe ukizidi kupiga injini unazidi kujilaza. Dawa ni moja tu, kulabu ifunguke. Akasema, mbona hii haifunguki, babu? Kweli, nilikuwa nimeigandisha kwa gundi. Mimi! Miaka yote ile sitahani, halafu nagandisha kulabu.

Kosa la pili ni farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo. Mjukuu huyohuyo alinipigia hesabu. Urefu unagawanya kwa 32, ila uzito unagawanya kwa 32 mara tatu, yaani 32,768. Chukulia tagi ya tani 500, mfano wake unataka kilo 15 na kitu. Yangu niliipima kwa mizani ya muuza viazi: kilo sita, na nusu ya hizo ziko juu sitahani. Hapo ndipo nakutaka wewe. Yule kijana wako wa nyavu bado anauza chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu? Nahitaji kilo tisa, ndogondogo, nizilaze chini kabisa kando ya mkuku.

Lakini si chubwi zinazoninyima usingizi.

Usiku ule wa mvua za El Niño, 1997, tulipolala vilevile. Meli ilipiga injini kabla hatujaachia, kamba ikatukuta ubavuni, sitaha ikawa ukuta. Miaka yote nimesimulia barazani kwamba mimi ndiye niliyeigonga ile kulabu ikafunguka. Nimeisimulia harusini kwa Kibwana, nimemsimulia mjukuu, hata mke wangu anaisimulia vizuri kunishinda. Na wewe kila mara unakohoa, unasema "serahangi, Mungu amrehemu", ukimtaja yule mkuu wetu wa mabaharia, unaomba kahawa. Nilikuwa naona ni wivu wako tu wa watu wa injini.

Sasa Alhamisi, pale kwenye saruji, nikaiona mikono yangu. Yote miwili imeshika reli. Haikuwa na nyundo, Baba Rukia. Au ilikuwa nayo kabla, nikaiangusha... sijui. Nikifumba macho naona reli.

Wewe ulipopanda kutoka chini ulimkuta nani amesimama pale? Nyundo ilikuwa mkononi mwa nani? Serahangi aliwahi kukwambia lolote, au alininyamazia nijisifu mpaka akafa? Na kama ulijua, kwa nini ulikohoa tu? Mjane wake bado yuko Pongwe? Niende, au nikae kimya?

Na wewe mwenyewe unakuja lini? Mota moja imeshakauka inazunguka, ya pili inanguruma kama Kibwana akilala. Kulabu nimeibandua, naitengenezea springi ya kalamu ifunguke kwa kidole. Sitaki kuirudisha majini kabla hujafika.

Wasalimie wote nyumbani.

Mimi nduguyo,
Baba Omari

Kuhusu chubwi, mwambie kijana nataka za risasi. Siku hizi wanachanganya na za saruji, na zile sizitaki.