Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya nyaraka Zanzibar: tunaziomba barua za Kirk

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba si langu peke yangu. Naomba ofisi yako itafute nakala za barua alizoandika John Kirk kutoka Unguja kwenda bustani ya mimea ya Kew, London, zifasiriwe kwa Kiswahili, kisha ziwekwe Nyaraka pale Kilimani, ambapo mwanafunzi yeyote ataweza kuziomba na kuzisoma.

Skuli tunamfundisha Kirk kama balozi mdogo wa Uingereza, mtu wa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Ni kweli. Lakini alipofika hapa 1866 alikuja kama daktari, na mimea alikuwa ameianza kabla ya siasa: tangu 1858 alikuwa Zambezi na Livingstone, akikusanya na kukausha majani. Katika miaka yake Unguja alikuwa akiandikiana na Joseph Hooker, mkurugenzi wa Kew na rafiki mkubwa wa Charles Darwin. Zikienda barua, zinakwenda pia mbegu na matawi yaliyobanwa kwenye karatasi. Elimu ya mimea ya karne ile ilijengwa hivyo, kwa posta. Hooker hakuwahi kukanyaga Unguja, na bado aliijua mimea yake.

Chukua sandarusi, ule utomvu wa mti ulioganda na kuwa mgumu. Ilikuwa bidhaa kubwa ya bandari yetu; Wamarekani wa Salem waliinunua kwa ajili ya vanishi. Ile bora haikutoka mtini, ilichimbwa ardhini huko Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, mara nyingi mahali pasipo na msandarusi hata mmoja. Ikishaoshwa kwa magadi, ganda linatoka na uso wake unabaki na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wataalamu wa Ulaya walibishana: imetoka mti gani? Kirk aliiangalia kwa makini, akaona ndani yake majani na maua yaliyonaswa, akayalinganisha na ya msandarusi unaoota pwani hadi leo. Yalikuwa ya mti ule ule. Maana yake ni kwamba misitu ya msandarusi ilienea zamani hadi huko ambako sasa ni ardhi tupu. Aliliandika hilo mwishoni mwa miaka ya 1860, na Linnean Society ya London, chama cha wataalamu wa mimea na wanyama, ikalichapisha.

Ila wachimbaji wa Mrima walikuwa tayari wanatofautisha sandarusi ya mti, chakazi (ya ardhini ambayo haijakomaa) na sandarusi iliyokomaa ardhini, kila moja na bei yake. Kirk aliyakuta maarifa hayo yamekamilika, akayaandika. Ndiyo maana nasema barua hizi ni zetu pia. Aliyeshika kalamu ni mmoja, waliojua ni wengi, na majina yao hayamo katika majina ya mimea. Mtoria, mtambaa tunaokula matunda yake na wazee wakigema utomvu wake wa mpira, kitaalamu unaitwa Landolphia kirkii. Mmisionari Charles New wa Ribe, karibu na Mombasa, alipofika kwenye theluji ya Kilimanjaro 1871, mimea aliyoshuka nayo ilifika Kew, Hooker akaiandikia makala, na mmoja ukapewa jina la New. Wenyeji waliomwongoza kupanda mlima hawakupewa hata jani.

Kuna wakati Zanzibar iliingia kwenye jina, nayo kwa heshima ya mtawala: 1882 Hooker aliliita ua moja lililotoka kwa Kirk Impatiens sultani, kwa ajili ya Sultani wa Zanzibar, naye wakati huo ni Sayyid Barghash. Baadaye ilionekana ni mmea ule ule uliokwishaitwa Impatiens walleriana mwaka 1868, kwa jina la mmisionari Horace Waller. Kwa kanuni za mimea jina la kwanza ndilo linalosimama, kwa hiyo la Sultani likaondoka. Ua hilo linapandwa vibarazani dunia nzima. Wanafunzi wangu hulipita kila siku bila kujua habari hii.

Sikuombi tumsifu Kirk. Alikuwa mtumishi wa dola, na habari za sandarusi na mpira zilikuwa pia habari za soko. Mwanafunzi akizisoma mwenyewe ataona yote mawili.

Wala siombi karatasi zenyewe zirudishwe. Kew wamekwishazipiga picha barua za wakurugenzi wao kutoka Afrika na kuziweka mtandaoni pamoja na muhtasari wa Kiingereza, kwa hiyo kazi ngumu imeshafanyika. Iliyobaki ni kusoma mwandiko, kufasiri, na kuweka nakala hapa. Faida ya nakala ilionekana Berlin: usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yalichoma jengo la mimea mikavu la Berlin, ikateketea sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa Tanganyika wakati wa Wajerumani. Kwa sehemu kubwa kilichonusurika ni kile ambacho nakala yake ilikuwa imepelekwa kwingine.

Kuna jambo moja zaidi, na hili lina haraka. Nakala zikifika, wapelekewe wazee wa Jozani, Makunduchi na Kiwengwa wanaojua miti kwa majina na kwa dawa, wasomewe, na wanayoyasema yaandikwe pembeni ya barua. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina vijana wa kuifanya kazi hiyo. Picha zitaendelea kuwepo mtandaoni. Wazee hao tunawazika kila mwaka.

Kinachohitajika kwanza ni barua moja ya ofisi yako kwenda Kew. Nipo tayari kushiriki kufasiri, bila malipo, na nina wenzangu wawili walimu waliokubali.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa bayolojia, Unguja