Na wadogo wa kichocho wapelekwe wapi?

Ndugu Mhariri,

Tangu shule zifungwe Juni nina wajukuu watatu hapa Kirumba. Wakubwa wanajimudu. Huyu wa miaka minne ndiye kazi: akishamaliza chai na michembe, anasimama mlangoni. "Bibi, twende kwenye maji." Nilimpeleka kisiwani Saanane akaone pimbi wakiota jua juu ya mawe. Pimbi walimfurahisha, ila kwenye boti mkono wake ulikuwa nje muda wote, anachota ziwa.

Simlaumu. Mtoto wa Mwanza asipocheza na ziwa acheze na nini? Lakini kichocho kipo. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale watoto wanapopenda, na vijidudu vyake hupenya ngozi. Si lazima mtoto anywe maji.

Dawa hugawiwa shuleni. Kaka zake wamemeza, yeye hajaanza shule, basi karukwa. Wakati Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2022 kwamba penye ugonjwa huu tiba ianzie miaka miwili! Wahusika watuambie, hawa wadogo tuwapeleke wapi, na lini? Mimi ningesema kliniki, wanakopimwa uzito. Mama zao wako pale tayari.

Na fukweni wanakooga watoto pajengwe vyoo. Mayai ya kichocho huingia ziwani kwa haja zetu wenyewe, watu wazima tukiwemo.

Bibi wa watatu,
Kirumba, Mwanza