Bango la msimu lisitangulie idhini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na vikundi vya jamii vinavyojiandaa kutangaza msimu mpya wa tamthilia. Mabango hutoka mapema mno. Michezo minne inachaguliwa, picha zinapigwa, ndipo mtu anauliza: idhini ya mwenye hakimiliki tunayo?

Wengi hudhani tamthilia ya zamani ni mali ya kila mtu. Shakespeare alifariki 1616, kazi zake hazidaiwi. Lakini Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya mchezo wake mmoja, ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka 1969, naye alifariki 1999. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na mfasiri hulindwa vilevile. Ama mwombe idhini, ama mtafsiri upya wenyewe. Barua ya maombi itaje tarehe, idadi ya maonyesho, ukubwa wa ukumbi, kiingilio, na sehemu mnazotaka kupunguza. Kufyeka sehemu nzima ya mchezo kimyakimya ni kosa jingine.

Idhini zikishapatikana, hesabuni kalenda kutoka usiku wa ufunguzi kurudi nyuma. Waigizaji wenye kazi zao mchana wanahitaji wiki nane kwa mchezo wa saa mbili: jioni tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila jioni, jumla saa 60. Wiki ya kwanza ni ya kusoma mezani. Vitabu vinawekwa chini mwisho wa wiki ya tano, hata kama watu wanababaika. Anayeruhusiwa kushika kitabu mpaka wiki ya saba hajawahi kuonja uzito wa kikombe anachotakiwa kubeba, na usiku wa kwanza chai itamwagikia maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Wiki ya nane iachiwe taa, sauti na maleba.

Michezo ikipandana, wa pili unaanza mazoezi wa kwanza ukiwa wiki ya sita. Mwenye nafasi kubwa katika wa kwanza apewe mistari michache katika unaofuata, au apumzike. Msifuatanishe michezo miwili yenye watu wengi. Katikati wekeni wa watu wawili au watatu. Mshona maleba atawashukuru kuliko mtu yeyote.

Mandhari nayo itengenezwe kwa msimu mzima: fremu kumi hivi za mbao zilizofunikwa plaiwudi nyembamba, futi 4 kwa 8, zinazopakwa rangi upya kila mchezo. Ziungwe kwa bawaba za pini ya kuchomoa. Misumari hupasua mbao, na kufikia mchezo wa tatu ukuta unatikisika kila mlango unapofungwa. Rangi iwe ya maji, isiyong'aa. Ya mafuta huakisi taa machoni mwa watazamaji.

Na umeme, jamani. Taa ya wati 1,000 kwenye volti 240 huvuta ampea 4 na ushee, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Taa tatu tayari zimegusa 12.5. Mtu akichomeka pasi ya maleba kwenye kebo hiyo hiyo, fyuzi huenda isikatike papo hapo. Itasubiri dakika kadhaa, kebo ikiendelea kupata joto, mpaka mfiwa jukwaani awe katikati ya kilio chake. Chomekeni taa mbili kwa soketi, kebo ikunjuliwe yote kutoka kwenye gurudumu lake, na pasi ikae chumba kingine chenye njia yake ya umeme.

Bango? Lichapishwe idhini zote nne zikiwa kwenye faili na majina ya waigizaji wa michezo miwili ya kwanza yakiwa kwenye kalenda. Michezo miwili ya mwisho inaweza kuandikwa mwezi tu, bila tarehe.

Msimamizi wa jukwaa