Orodha za maneno hazitoshi kumfundisha mwanafunzi Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wanafunzi wetu wa sekondari wanavyojifunza msamiati wa Kiingereza. Kila shule zinapofunguliwa, wazazi hununua vijitabu vyenye orodha ndefu za maneno, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili neno moja la Kiswahili, na watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba huambiwa wavikariri ili wayamudu masomo ya kidato cha kwanza. Nia ya wazazi hao ni njema. Lakini nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na sina shaka kwamba neno lililokaririwa bila sentensi humponyoka mwanafunzi pale pale anapolihitaji.

Tuchukue kitenzi "commit". Mwanafunzi aliyekariri kwamba maana yake ni kutenda ataandika, bila wasiwasi wowote, kwamba jirani yake "committed kindness", kwa sababu kwetu mtu hutenda wema kama anavyotenda kosa. Kiingereza hakikubali hivyo: katika maana hiyo, kitenzi hicho huambatana na jinai, dhambi au kosa. Fasili fupi haimwonyeshi mpaka huo, ilhali sentensi tatu tu, moja ya wizi, moja ya mauaji na moja ya udanganyifu, zingemwonyesha bila mwalimu kutaja kanuni yoyote.

Hasara huwa kubwa zaidi katika chumba cha mtihani. Maswali ya Historia mara nyingi huanza na "Account for", na mtoto anayeijua "account" kuwa ni akaunti ya benki hana pa kushika. Anaweza kuvifahamu vizuri Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akasimulia vilivyoanza na vilivyokwisha, na bado akakosa alama kwa sababu aliulizwa sababu, si masimulizi. Huyo hakushindwa Historia.

Tatizo hili si geni, na waliolishughulikia walikuwa walimu waliowafundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao, kama sisi. Michael West, aliyefundisha Bengal katika India ya enzi ya Waingereza, alitambua kwamba kamusi inayofasili neno gumu kwa maneno mengine magumu haimsaidii mwanafunzi, na mwaka 1935 akatoa kamusi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, naye aliona kwamba wanafunzi wake walijua maana za vitenzi lakini hawakujua vinavyotungiwa sentensi. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka 1948, na ndiyo asili ya kamusi ya wanafunzi inayofahamika kwa walimu wengi hapa nchini. Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, wakiongozwa na John Sinclair, walikwenda mbali zaidi: fasili yenyewe waliiandika kama sentensi kamili, ili msomaji aone nani hufanya jambo hilo na humfanyia nani au hukifanyia kitu gani, na mifano wakaichota katika maandishi na mazungumzo halisi yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta.

Wapo wanaodhani kwamba msamiati wa juu ni maneno adimu ya kujionyesha. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na yale yanayotokana nalo, yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, na familia hizo peke yake hufikia karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Ni maneno kama "derive", "assume" na "constitute", ambayo mwanafunzi atakutana nayo katika Biolojia, Jiografia na Uraia. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Sisemi kwamba tafsiri ya Kiswahili itupwe. Kwa majina ya vitu, kama viungo vya mwili au vifaa vya maabara, neno moja la Kiswahili hutosha na huokoa muda. Kwa vitenzi na maneno ya dhana, mwanafunzi asome kwanza fasili nyepesi, kisha asome mifano kadhaa, aone neno linavyoshikamana na jirani zake, na ndipo atunge sentensi yake kuhusu mambo anayoyajua: shamba la nyumbani, daladala, mechi ya Jumamosi. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kusahihisha kila daftari kila siku, nalijua hilo vizuri, lakini anaweza kuchukua maneno machache kwa wiki na kusahihisha ubaoni sentensi za wanafunzi wenyewe.

Nawaomba wakuu wa shule wahakikishe kwamba kamusi za wanafunzi zinakaa madarasani, zisifungiwe kabatini ofisini. Wachapishaji wa vijitabu nao wapunguze maneno kwa nusu na nafasi itakayopatikana waijaze sentensi za mifano. Na mzazi, kabla hajatoa fedha, afungue ukurasa wowote wa kijitabu anachouziwa atazame kama kila kitenzi kina sentensi yake. Kama hakina, akirudishe mezani.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Morogoro