Anza na jirani wa rangi: barua kwa mwalimu mwenzangu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia umekabidhiwa darasa la sanaa, tena la kupiga picha, kuhariri kwenye kompyuta na kuchora, yote ndani ya muhula mmoja. Umeniuliza uanzie wapi kwenye somo la rangi. Usianze na duara la rangi, ule mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, zinazopingana zikikabiliana. Duara litakuja lenyewe. Anza na karatasi ya kijivu.

Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke katikati ya karatasi ya rangi ya machungwa iliyokolea, kingine katikati ya karatasi ya bluu, kisha waulize wanafunzi kama vipande hivyo vina rangi moja. Watakataa. Juu ya machungwa, kijivu huonekana kimeingiwa na ubluu. Juu ya bluu, kilekile huonekana chenye joto, chaelekea udongo. Baada ya hapo viondoe na uviweke pamoja mbele ya macho yao. Wape muda wa kubishana. Hapo ndipo somo zima lilipo: hakuna rangi tunayoiona peke yake, kila moja tunaiona pamoja na jirani zake.

Ukipata nafasi, wasimulie habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapambo makubwa ya ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Chevreul akaichunguza rangi yenyewe, akaikuta haina kasoro. Tatizo lilitokana na ujirani: nyuzi hizo nyeusi zilifumwa kandokando ya bluu na zambarau, na jicho likawa linaupunguzia weusi nguvu yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Naipenda habari hii kwa sababu haikuanzia kwa wanafalsafa. Ilianzia kazini, kwa watu waliotaka nyeusi yao iwe nyeusi.

Naye msanii Josef Albers, aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, na baadaye Marekani, aliwapa wanafunzi karatasi za rangi badala ya rangi za kupaka. Karatasi haihitaji kuchanganywa, kwa hiyo unaweza kuirudia rangi ileile bila tofauti hata kidogo. Ndiyo sababu nami nakushauri karatasi kwanza, kamera baadaye.

Kwenye kamera, zoezi langu ni moja. Mwanafunzi achague kitu kimoja chenye rangi ya nguvu, akipige picha mbele ya mandhari tofauti, katika mwanga uleule. Mchoraji akiona jirani hafai, hupaka mwingine. Mpiga picha hana brashi, ana miguu. Akisogea hatua mbili kushoto, shati jekundu lililokuwa mbele ya majani sasa liko mbele ya ukuta wa kijivu, na wekundu wake si ule tena. Ningependa vijana wazoee kusogea hivyo kabla ya kubonyeza, badala ya kutegemea kompyuta iwaokoe.

Hapa kuna jambo usilipuuze: waambie wazime urekebishaji wa rangi wa kamera unaojiendesha wenyewe. Mwanga una rangi zake, nazo hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni mwanga wa kimachungwa, kubwa ni wa kibluu. Mwali wa mshumaa una takriban kelvini 1900, mwanga wa mchana kama 5500, na kivuli chini ya anga safi huweza kupita 7000. Kamera hujaribu kuzisawazisha tofauti hizo, na ikikutana na mandhari yaliyojaa rangi moja, mara nyingi huidhania hiyo rangi kuwa ni ya mwanga, ikaipunguza. Picha zikishabadilishwa hivyo, kila moja kwa namna yake, huwezi tena kuzilinganisha.

Wakifika kwenye kompyuta, wape kwanza zana ya kuchotea rangi. Skrini huieleza kila rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Wachote rangi ya kitu chao katika kila picha na kuziandika namba. Watakuta mahali ambapo namba zimekaribiana lakini macho yanaapa kwamba rangi ni mbili, na mahali pengine ambapo kitu kimepokea kweli rangi iliyoakisiwa na jirani yake. Kuyatenganisha mambo hayo mawili ni kazi ya kutosha kwa vipindi kadhaa, na sioni haja ya kuharakisha.

Kukoleza rangi kwa programu ningekataza kabisa mwanzoni. Ni njia rahisi mno, na picha iliyokolezwa kote haina tena rangi inayoongoza. Anayetaka nyekundu yake ionekane zaidi aiache kama ilivyo, aififishe rangi iliyo nyuma yake. Kisha aigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe, aone kinachobaki. Katika mwangaza wa skrini, kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Ndiyo maana manjano kamili inakaribia nyeupe, ilhali bluu kamili inakaribia giza. Rangi mbili zinaweza kupingana vikali kwenye picha ya rangi na bado zikazama pamoja katika kijivu kimoja, na hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini umbo lake halikujitenga na mandhari.

Mtu atakuuliza, maana huulizwa daima, kwa nini kwenye kitabu cha uchoraji nyekundu inakabiliana na kijani, na kwenye kompyuta inakabiliana na bluu yenye ukijani. Usimjibu upesi. Mwambie achanganye manjano na bluu kwa penseli, apate kijani. Halafu azijumlishe kwenye skrini kwa kiwango sawa, apate nyeupe au kijivu. Skrini hujumlisha mwanga, penseli huupunguza. Ni duara mbili za kazi mbili, na zote ni za kweli.

Uchoraji ningeuweka mwisho, kwa kuwa mkono ni wa polepole na jicho hupata nafasi. Waichukue picha yao, waipunguze kwenye kompyuta mpaka zibaki rangi nne au tano, waichore kwa penseli za rangi. Watakosa rangi fulani, na kukosa huko ni neema: itabidi waitafute kwa kubadilisha jirani. Kwenye vivuli, wafiche penseli nyeusi. Kivuli cha kitu cha machungwa kikitiwa bluu juu yake, tabaka nyepesi nyepesi, kina uhai ambao nyeusi haiutoi.

Nimekumbuka jingine. Huenda ukawa na mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani. Hali hii hurithiwa, na huwapata zaidi wavulana. Andika majina kwenye penseli zote kimyakimya, na kazi yake uipime kwa mwangaza na giza. Huenda akawazidi wenzake hapo.

Ukimaliza zamu ya kwanza, nitumie kazi chache: picha, toleo la kompyuta na mchoro wa mwanafunzi yuleyule, kwa pamoja. Niandikie pia kama skrini zenu zinaonyesha rangi sawasawa. Kama hazilingani, tutapanga namna ya kuzipima kabla hujafika sehemu ya kuhariri.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako